Sauti ya Ng'ombe wa Bibi

Leo kwa fundi redio pale Mwanjelwa nimekuta boksi la kaseti kuukuu. Nimenusa moja, na ile harufu ya plastiki na vumbi imenirudisha Usangu.

Tulipohamia huko kutoka kaskazini nikiwa mtoto, bibi mzaa baba alibaki, ila alitukabidhi ng'ombe wake mwekundu ili tusikose maziwa. Hakujua kusoma, kwa hiyo tulimtumia kaseti badala ya barua. Kila mtu alisalimia, kisha msafiri akaipeleka. Safari moja bibi alijibu kwamba anataka kumsikia na ng'ombe wake.

Huyo ng'ombe alishakufa kwa ukame, na baba aliona aibu kusema. Akaenda nami zizini kwa jirani, mimi nimeshika redio ya kurekodia. Akamtenga ndama, mama yake akalia.

"Ng'ombe ni ng'ombe," baba alisema huku akizima redio.

Jibu lilikuja baada ya mavuno. Tuliizunguka redio wote. Bibi alitusalimia watoto mmoja mmoja, halafu kaseti ikakwaruza tu, tukadhani imeisha.

"Mwanangu," akasema, "huyo si wangu. Wangu alikufa lini?"