Alama Niliyoitafuta Kwenye Vioo vya Karavani

Kesho yake tulikuwa tunaondoka na karavani, kijumba cha magurudumu kinachovutwa na gari, kwa mara ya kwanza. Watoto walishapakia hadi mito. Sheria ya huku inataka vioo vya ziada vya pembeni, vya gari linalovuta karavani, viwe na alama ya kuthibitishwa ubora. Vyetu nilivikagua kama mtu anayeutafuta mwezi wa Idi, nisiione.

Nikarudi navyo Walthamstow, kwenye duka nilikovinunua, nikiwaka.

“Mnauza vioo visivyo halali! Mnunuzi ana haki zake!”

Foleni nzima ikageuka, nami nikazidi kunoga.

Muuzaji, mama wa Kihindi mzaliwa wa Mombasa, alivigeuza taratibu.

“Mwanangu, hizi stika za Mashallah tumebandika sisi?”

“Hapana, mimi. Za kuzuia husuda.”

Akabandua moja kwa ukucha. Alama ikatokea, kubwa, ikinitazama mbele ya foleni yote.

“Na hiki cha pili,” akasema, “bandua mwenyewe.”