Mwenye Joho Yu Hai au Amekufa?

Mjomba wangu Alphonce alikuwa mtu wa kahawa na mahindi kama sisi wote wa Mbuji, na kama si ile deki yake ya video nisingekuwa na la kusimulia juu yake, zaidi ya kwamba alicheka kwa sauti kubwa na hakuwahi kugombana na mtu. Hapo ndipo ilipokuwa shida. Mtu asiyezoea ugomvi akiupata mmoja, anahangaika nao kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

Aligombana na kaka yake, mjomba Bartholomayo. Mwaka ule wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuingia Mbinga na malori yao, wakinunua kahawa mlangoni kwa mkulima na kulipa palepale. Mjomba Bartholomayo alikuwa mwenyekiti wa chama cha msingi cha ushirika. Kwake yeye, kuuza kahawa nje ya chama ilikuwa sawa na Mkatoliki kwenda kuungama kwa mchungaji wa dhehebu jingine. Kijiji kizima kiliwauzia wale watu, ila kimyakimya, gunia hili leo, lile keshokutwa. Mjomba Alphonce hakuijua kimyakimya. Aliuza mavuno yake yote mchana kweupe, akaenda Songea, akarudi juu ya lori amekumbatia televisheni, na nyuma yake jenereta na deki.

Kesho yake alikwenda kumwamkia kaka yake. "Shikamoo, kaka." Mjomba Bartholomayo aliendelea kunoa panga. Mjomba Alphonce akarudia, akidhani hajasikika. Panga likaendelea kunolewa.

Kunyimwa marahaba na kaka aliyekulea si jambo dogo kwetu. Tangu siku hiyo mjomba Alphonce hakukanyaga tena sengu, pale uani kwa kaka yake ambapo wanaume wa ukoo wetu hula pamoja na kuyamaliza maneno yao. Akawa anakula nyumbani na mkewe Gertruda, mbele ya televisheni, na chakula kilikuwa hakimshuki. Mimi nilikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta, nilikiona kinavyorudi jikoni.

Basi, deki ilikuja na mkanda mmoja tu. Picha yenyewe ilikuwa ya watu wanaofukuzana kwa magari, na baada ya Jumapili chache kila mtu alikuwa ameichoka. Lakini mwanzoni mwa mkanda kulikuwa na tangazo la picha nyingine itakayokuja. Lilikuwa fupi mno, ukiinama kuokota kiatu limekupita. Mtu amevaa joho la zambarau anaruka juu ya maghorofa bila mabawa. Anasimamisha treni kwa mikono. Anambeba mwanamke mwenye kofia. Halafu wingu jeusi linainuka kutoka majini, yule mtu anaanguka, na anapofika chini mwanamke anampakata kichwa na kulia. Giza. Maneno ya Kiingereza. Basi.

Sasa tuambiwe tuendelee na magari yanayofukuzana, tena kwa moyo upi? Mwalimu Tobias wa shule ya msingi ndiye aliyetusomea yale maneno. Yalisema: Krismasi hii. Tukatulia kidogo. Hakuna aliyeuliza ni Krismasi ya mwaka gani, wala picha inafikia wapi. Krismasi ni Krismasi, na haijawahi kuiruka Mbuji.

Kwa hiyo kila Jumapili baada ya misa sebule ya mjomba ilijaa. Jenereta likinguruma, tangazo likiisha, watu wanasema, "Rudisha." Mjomba anarudisha. Swali lilikuwa moja: mwenye joho yu hai au amekufa? Mjomba Alphonce alishikilia kwamba yu hai, kwa sababu stelingi hafi, na akifa stelingi nani atabaki kupigana na adui. Wengi walikubali, nadhani pia kwa kuwa viti vilikuwa vyake.

Jumapili moja nilikuwa nimekaa chini ya dirisha nachambua maharage, nikaona kofia ya mjomba Bartholomayo nje, katikati ya mibuni.

"Natafuta mbuzi," akasema kabla sijamwamkia.

Mbuzi wake nilikuwa nimempita asubuhi, amefungwa kwake, anakula zake majani. Jumapili iliyofuata mbuzi huyo akapotea tena, saa ileile ya tangazo. Nikajifunza kuacha nafasi dirishani. Mjomba Bartholomayo aliegemea pale, mwili nje na macho ndani, hadi siku moja uvumilivu ukamwishia.

"Edina," akaniambia, "mwambie mwenye deki kwamba huyo mtu amekufa."

Mwenye deki alikuwa amekaa pale ambapo angenyoosha mkono angemshika kaka yake pua. Nikageuka. "Mjomba, mjomba anasema mtu amekufa."

"Mwulize amejuaje."

"Anauliza umejuaje."

"Mwambie aangalie rangi. Zambarau ni ya Kwaresima. Aliyevikwa zambarau anakwenda msalabani."

Sebule ikanong'ona. Katekista Ignatio akatikisa kichwa kukubali, na katekista akikubali jambo la rangi, nani ataleta ubishi? Mjomba Alphonce wiki nzima alipalilia mahindi akiwaza. Jumapili alikuja na jibu hata jenereta halijawashwa.

"Edina, mwambie mtafuta mbuzi kwamba zambarau ni ya Majilio pia, ya kungoja Krismasi. Wa Majilio anakuja, haendi."

Nje nikasikia mjomba Bartholomayo akicheka puani, kidogo sana, kama anayekohoa. Mjomba Alphonce naye alisikia. Alibonyeza deki, akasahau kwamba jenereta halijawashwa.

Hata watu wa ziwani walitiwa kwenye kesi ile. Nazari, aliyekuwa akipandisha usipa, wale dagaa wakavu wa ziwani, kutoka Mbamba Bay, aliangalia tangazo mara moja akatucheka wote. "Ninyi watu wa milimani mnaona moshi. Lile ni wingu la kungu." Akatueleza kuhusu wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kwa wingi hadi anga linakuwa jeusi. "Kungu wakikuingia puani huwezi kupiga kasia, sembuse kuruka. Kaishiwa pumzi tu. Amwagiwe maji, ataamka."

Mjomba Alphonce alifurahi, akamnunulia usipa wote.

"Edina," dirisha likasema, "mwulize muuza usipa kama mji wenye maghorofa yale una kungu."

"Ziwa ni ziwa," Nazari akajibu, na hatukumtoa hapo.

Jioni ile mjomba Alphonce alinisaidia kubeba maharage hadi kwangu. Mlangoni akaniambia kitu ambacho hakuwahi kukisema mbele ya watu. "Nikimsikia kaka anabisha, moyo wangu unatulia, Edina. Nataka siku moja anibishie mimi, si wewe." Nikamwambia Mungu ni mwema.

Desemba ikafika, mvua zikashika, na watu wakaanza kumwuliza mjomba picha iko wapi. Akapanda lori kwenda Songea kuifuata. Mwenye duka la mikanda alimcheka mpaka akashika meza. Krismasi ile ya kwenye tangazo ilikuwa imepita zamani, enzi zile sisi tukipanga foleni ya sabuni kwenye duka la kijiji. Mkanda wenyewe ulikuwepo rafuni, umejaa vumbi. Mjomba akaomba aonyeshwe mwisho wake kabla hajaubeba, na akauangalia palepale dukani amesimama, kofia mkononi.

Aliporudi aliniita pembeni. "Yu hai," akasema. "Anafungua macho, anaruka, picha inaisha."

Mimi nikapiga makofi. Yeye hakupiga.

"Kaka atashindwa mbele ya kijiji kizima," akasema. "Wewe unadhani mbuzi atapotea tena?"

Siku ya Krismasi, misa ilipokwisha, sebule haikuwa na pa kuweka hata mguu. Watu walivaa nguo zao mpya. Katekista alipewa kiti chake cha mbele. Dirishani kofia ilikuwepo, na safari hii mwenyewe hakujisumbua kumtaja mbuzi. Mjomba Alphonce hakuigusa deki. Alitoka mlangoni, akazunguka nyumba kwenye tope na viatu vyake vya kanisani, akasimama mbele ya kaka yake. Tulisikia kila neno.

"Shikamoo, kaka. Picha nimeiona Songea. Ulisema kweli. Amekufa."

Aliyasema yote kwa pumzi moja, nadhani aliogopa kuachiwa kimya katikati. Ndani watu waliguna kwa masikitiko, na Gertruda akajishika kifua. Mimi niliyejua ukweli nilitazama maharage yangu. Niliona aibu na fahari kwa pamoja, sijui tunaiitaje hali hiyo. Mtu alikuwa ameshinda, na anautoa ushindi wake nje kwenye tope ili amwamkie kaka yake.

"Marahaba," akasema mjomba Bartholomayo, na sidhani alijua amesema. "Nani kakwambia amekufa?"

"Nimeona, kaka."

"Umeona vibaya. Tangu utoto wako wewe huangalii kitu ukakimaliza. Huyo mtu hajafa."

"Kaka, nimesimama pale dukani, macho yangu haya."

"Hajafa, Alphonce! Mwanamke anapompakata, kidole kidogo cha mwenye joho kinasogea. Mkono wa kushoto, chini kabisa, ninyi mnaokaa ndani hamkioni, kimezibwa na kichwa cha katekista. Mimi nakiona kila Jumapili kutoka hapa. Maiti hasogezi kidole."

Mvua ilikuwa imeanza manyunyu na hakuna kati yao aliyeijali.

"Sasa kaka," akasema mjomba Alphonce polepole, "kama ulijua yu hai, muda wote huu ulikuwa unabisha nini?"

Mjomba Bartholomayo alitazama mibuni, akatazama viatu vya mdogo wake vilivyoharibika kwa tope, kisha akamtazama yeye.

"Wewe ulikuwa umeshasema yu hai," akasema. "Mimi ningekuja kusema nini?"

Sebuleni hakuna aliyecheka, na sisi ni watu wa kucheka. Mjomba Alphonce akamshika kaka yake kiwiko. Wakazunguka nyumba pamoja, wakaingia kwa mlango, na katekista akainuka kumpisha mkubwa kiti cha mbele.