Mwiko wa Mkwe

Mama alipougua kansa ya koo, nilimtoa kijijini, upande wa Magharibi, nikamleta kwetu Nairobi, mtaa wa Kawangware 46, awe karibu na hospitali. Tulikuwa na chumba kimoja cha mabati, kimegawanywa kwa pazia. Mume wangu alimpokea kwa heshima, akambebea mzigo hadi mlangoni, kisha akaniita nje.

"Mama mkwe hawezi kulala chini ya paa moja na mimi," akasema. "Unajua kwetu ni mwiko."

"Na kati ya mwiko na ugonjwa, ni nini kitamuua?"

Alichukua blanketi akaenda kulala Makina, Kibera, kwenye karakana alikotengenezea vitanda. Akawa anapita asubuhi kubadilisha nguo, nampa akiwa amesimama nje.

Hatukuwa watu wa kugombana ndani ya nyumba. Jirani akikohoa, wewe unasema pole. Tukiwa na neno, tulitembea hadi kwa mafundi wa vyuma, tukaambiana pale ambapo nyundo zao zilitufunika. Jumapili tukitoka kanisani alisimama karibu nao, akaniambia mwenye karakana, mjane wa Kiislamu, ana chumba kitupu uani na yuko tayari kumkaribisha mama.

"Mamangu si mzigo wa kuwekwa kwa watu," nikamwambia. "Sema tu humtaki."

"Ningekuwa simtaki, ningekuwa nalala juu ya maranda ya mbao?"

Alikuwa analia, pale barabarani, watu wakipita. Nikamwacha nikarudi nyumbani.

Mama alikuwa ameketi kitandani, kitambaa kichwani kama kawaida, kimeshuka mpaka shingoni. Nilianza kumshtaki mume wangu. Akainua mkono ninyamaze. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo sana, ikabidi niiname.

"Nipelekeni huko Makina," akasema. "Tangu nije sijavua hiki kitambaa. Naogopa mkwe wangu ataingia anione hivi. Mnagombana juu yangu na hakuna ameniuliza."

Nikamfungua. Ngozi ya shingo ilikuwa imeungua kwa ile mashine ya mionzi ya hospitali, na kitambaa kilikuwa kimenatana nayo. Nilikilowesha kwa maji vuguvugu, nikakitoa polepole.

Kule Makina, yule mjane alimwita dada. Kila asubuhi mume wangu aliacha uji mlangoni, akabisha, akajificha nyuma ya ukuta mpaka mama auchukue.

"Asante, mwanangu," mama alisema kutoka ndani.

"Kunywa wote, mama."

Siku moja niliwakuta wanacheka, kila mtu upande wake wa ukuta.

Mama alifariki msimu wa mvua. Jeneza mume wangu alilitengeneza mwenyewe, akakataa kusaidiwa hata kupiga randa. Kwenye mazishi alisimama mbali, wanaposimama wakwe.

Mimi bado naona mwiko ule ungelegezwa kwa ajili ya mgonjwa. Yeye bado anasema hapana. Huwa tunalizungumza jambo hilo tukiwa mezani, bila kupandisha sauti, na mpaka leo hatujakubaliana.