Kwetu Kulinda ni Kungoja

Mdogo wangu alikwenda Marekani kwa mpango wa kubadilishana wahadhiri, na karatasi aliyosaini ilikuwa na sharti: ukimaliza, rudi kwenu ukae miaka miwili, ndipo uombe kuishi Marekani. Kwetu ni Bukavu. Na akiwa huko Marekani alikuwa ameandika makala juu ya wakubwa wa jeshi la kwetu, wakaapa kumuua. Akaambiwa anaweza kusamehewa sharti hilo akithibitisha hatari yake. Shahidi alikuwa mmoja tu: mama yetu, ninayeishi naye hapa ugenini, Troyeville.

Mama alisema, nami nikaandika neno kwa neno. Dada mmoja Mkenya tunayesali naye, msomi anayefanya kazi benki kule Randburg, akajitolea kutafsiri kwa Kiingereza. Jumamosi alileta barua imepigwa chapa vizuri, ana haraka ya kuituma.

Kiingereza changu ni cha kuokoteza. Lakini mimi ni fundi cherehani, na kila wiki natarizi mashati ya kampuni za ulinzi, kwa hiyo kuna neno moja nalijua herufi kwa herufi: guard. Nililiona katikati ya ukurasa, nikamuuliza linafanya nini pale.

Akanisomea polepole, kama mwalimu wa chekechea: wanajeshi walimlinda mwanangu mlangoni siku tatu.

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia barua hiyo ingempeleka ndugu yangu kaburini. Mama alikuwa amesema, "Basoda balimulinda ku mulango siku tatu," na kwetu kulinda ni kungoja. Walimngoja wakidhani amerudi likizo, wamuue. Ndiyo sababu mama alikimbilia kwangu.

Dada alijishika mdomo. Akaketi palepale kwenye kiti changu cha kushonea, tukapitia barua yote upya, yeye akiuliza, mama akijibu kama hakimu. Kiswahili changu cha Bukavu huchekwa kila mahali mjini hapa. Siku ile nilikionea fahari.

Majibu yalichukua miezi mingi. Simu ilipolia mdogo wangu alikuwa analia na kucheka pamoja: amesamehewa miaka yote miwili. Nilipiga vigelegele mpaka jirani Mzulu akaja kuuliza kuna nini, na alipoambiwa akavipiga kunishinda.

Mama akaninyang'anya simu.

"Sasa unilinde, mutoto wangu," alimwambia. "Niko nakuya."