Ami Katoka Andalusia

Mwaka jana ami yangu alirudi kutoka Andalusia, kusini mwa Uhispania, kawakasirikia wenyeji wa huko. Jioni nzima, sebuleni kwetu mjini Sib, huku Uarabuni, alitusomesha: Waarabu waliwajengea makasri, wakawaachia maneno na mapishi, nao leo wanajifanya hawawajui.

"Mtu anayekana asili yake," alinguruma, mdomo umejaa andazi, "huyo si mtu!"

Kengele ikalia. Walikuwa wakwe watarajiwa wa binti yake, na ami hakutaka wajue kuwa sote tumezaliwa Unguja.

"Ficheni maandazi! Na Kiswahili basi, Kiarabu tu!"

Mtu yule yule, na andazi hajalimeza bado! Nikalisukuma sinia chini ya kochi kwa hasira.

Wageni wakakaa. Ami akamimina kahawa kwa madaha, ikammwagikia gotini.

"Mama yangu, nnaungua!" akapiga ukelele kwa Kiswahili.

Baba wa bwana harusi akamtazama mkewe, kisha akashusha pumzi kama mtu aliyevua kiatu kinachobana.

"Pole, ndugu yangu," akasema, kwa lafudhi ya Pemba. "Hebu yatoeni hayo maandazi. Tangu mlangoni nnasikia harufu ya hiliki."