Ng'ombe Mweusi na Kibuyu Nilichokivunja

Binti yangu wa tatu alikula vitu viwili tu: maziwa ya mgando na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani. Ugali ukimgusa vidole alilia kama ameungua. Bakuli la mlenda likipita karibu naye, alitapika. Wenzake walipozunguka sinia, yeye alikaa peke yake akitazama ukuta, viganja masikioni, kwa kuwa sauti ya watu kutafuna ilimtesa. Majirani walisema amedekezwa. Shangazi yangu alisema ni mizimu ya ukoo, inadai mtoto apewe jina lake. Mimi niliyefika kidato cha nne nilisema ni ukaidi. Nilimchapa mtoto wa miaka sita kwa sababu ya mboga. Sasa mimi ni mzee na sioni faida ya kulificha.

Maziwa yake yalitoka kwa ng'ombe mmoja mweusi mwenye baka jeupe ubavuni. Mke wangu alimkamua kwa ajili ya mtoto huyo tu.

Kisha mdogo wangu akapata mchumba katika kijiji cha Migato. Baba yetu alikuwa amekwisha kufariki, hivyo mahari ilikuwa juu yangu. Wazee wa ukweni walikuja kuchagua ng'ombe zizini, wakamnyooshea fimbo yule mweusi. Mke wangu alinivuta pembeni akaniomba nimbakize. Nikamjibu kwamba maziwa ni maziwa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Bariadi, ambayo tulizoea kuyaona na rafu tupu, yalijaa ghafla vitenge, sabuni za kunukia na vyombo vya plastiki vya kila rangi. Siku ileile ng'ombe walipoondoka kwenda Migato, nilinunua ndoo ya bluu yenye mfuniko. Nilikumbuka masomo ya shule kuhusu vijidudu, nikavitoa vibuyu vyetu vya maziwa, vyeusi kwa moshi na samli ya miaka mingi, nikavivunjavunja nyuma ya kihenge, ghala letu la nafaka. Nilijiona nimeleta maendeleo nyumbani.

Mtoto akakataa maziwa. Tukampa ya ng'ombe mwekundu, tukampa ya jirani. Alinusa tu, akageuza uso. Siku ya tano akaacha na michembe. Tulimpeleka zahanati akawekewa dripu. Muuguzi alimtazama mbavu, kisha akanitazama mimi.

"Mrudishieni alichozoea," alisema. "La sivyo, huyu hatafika mwisho wa mwezi."

Niliamini nakijua alichozoea. Nikapanda baiskeli kwenda Migato.

Kwetu, kudai ng'ombe wa mahari ni kutangaza kwamba ndoa imekufa. Nililijua hilo njia nzima. Mkwe wetu, baba wa mke wa mdogo wangu, mzee mpole, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba basi binti yake arudishwe kesho. Ni mkewe aliyeniokoa, akisema kutoka ndani, bila kujitokeza: "Mpe. Mtoto akizikwa, hiyo ndoa tutaitazama kwa macho gani?"

Mzee akafungua zizi. "Si wako tena," alinikumbusha. "Umeazima."

Nilimswaga kwa miguu, baiskeli mkononi, nikafika nyumbani siku ya pili mchana. Mke wangu alimkamua, maziwa yakakaa kwenye ndoo hadi yakaganda. Tulimpa mtoto. Alinusa, akageuza uso.

Nilikaa chini palepale kwenye samadi.

Baadaye hatukumwona mtoto uani. Nilimtafuta, nikamkuta nyuma ya kihenge amechuchumaa, ameshika kipande cha kibuyu. Alikuwa akikilamba upande wa ndani, macho amefumba, ametulia kuliko nilivyowahi kumwona mbele ya chakula chochote. Mke wangu alikuja, akaona, akashika mdomo. Kisha akaokota kitako cha kibuyu, kipande kikubwa kuliko vyote, akakiosha, akatia maziwa yaliyokuwa karibu. Mtoto alikunywa mpaka tone la mwisho, akakinyoosha kile kipande apewe tena.

"Haya ni ya yule mwekundu," mke wangu aliniambia taratibu.

Ng'ombe hakuwa na kosa, wala mtoto. Nilikuwa nimekwenda hadi Migato kuvunja ndoa ya mdogo wangu, na dawa ilikuwa kwenye takataka nilizozitupa kwa mikono yangu.

Kesho yake nilimrudisha ng'ombe. Nilimweleza mkwe ukweli wote, nikitegemea matusi. Mkewe alinitolea kibuyu cha zamani, kinanuka moshi. Mzee aliniuliza swali moja.

"Huyo mtoto anasema?"

"Anasema vizuri tu."

"Na ulimuuliza?"

Katika siku zote zile nilimuuliza muuguzi, nilimuuliza shangazi, niliwauliza majirani. Yeye sikumuuliza.

Nilipofika nyumbani nilimkuta amekaa mlangoni. Nikachuchumaa, nikaweka kibuyu mbele yake, nikamuuliza kwa nini hakutuambia kwamba tatizo ni ile ndoo.

Alikivuta kibuyu kwanza, akakinusa, akakiweka mapajani.

"Nilidhani utanichapa, baba," alisema.