Pedali ya Mama Nyaya

Kibodi ikiwashwa, mguu uwe mbali na pedali. Mama Nyaya alikuwa na sheria moja tu katika ndoa yake, na sheria yenyewe ndiyo hiyo. Mengine alimwachia mumewe: achelewe asichelewe, akorome asikorome, shauri yake. Lakini kibodi ikiwashwa, mguu kando. Kile chombo kina akili za mtoto mchanga, kinachokikuta kinapofungua macho ndicho kinachokiamini mpaka kizimwe. Kikikuta pedali imekanyagwa, kinadhani pedali huwa inakaa hivyo, basi kila kitu kinageuka kichwa chini. Ukikanyaga, sauti inakatika badala ya kurefuka. Ukiachia, sauti inang'ang'ania, noti hii inamwagikia ile, wimbo mzima unakuwa matope.

Jina la Mama Nyaya alipewa na watu wa bendi, kwa sababu nyaya zote alichomeka yeye. Hakuna aliyemfundisha. Alipoolewa alikuwa akimsindikiza mumewe mazoezini, anakaa kwenye kiti cha plastiki kusubiri, na kusubiri kukamchosha. Shule aliiona zaidi kwa nje kuliko kwa ndani, kwa hiyo herufi zilizoandikwa mgongoni mwa kibodi hazikumwambia kitu. Akafunga vitambaa vya shuka kuukuu: chekundu waya wa kulia, cheupe wa kushoto, cha bluu wa pedali. Matundu aliyapapasa kwa vidole, akiwa ameinama nyuma bila hata kuchungulia. Anawasha kibodi kwanza, halafu miksa, amplifaya mwisho. Wakati wa kuzima, amplifaya ndiyo ya kwanza. Ukivuruga mpangilio huo spika zinapiga pu! na moyo wa mwenye spika unapiga pu! pamoja nazo.

Mumewe, mpiga kibodi, walimwita Vidole. Alipiga peku siku zote. Kiatu, alisema, kinamzibia pedali. Alikuwa na maneno machache na kiburi kingi, na kiburi chenyewe alikuwa na haki nacho, maana akianza kupiga hata wapishi walitoka jikoni na miko mkononi.

Mwenye bendi alikuwa mdogo wake Vidole, shemeji yake Mama Nyaya. Huyo walimwita Maiki, kwa sababu akishika maiki huipati tena bila ugomvi. Maiki alikuwa na meno mazuri na alijua kuyatumia. Kuna watu wanakuchekea huku macho yao yanatafuta nani wa kukaa kwenye kiti chako. Basi ndiye huyo.

Mara ya kwanza sauti kugeuka ilikuwa mazoezini, kwenye ukumbi wa harusi walikozoea kupiga. Mama Nyaya akawasha, Vidole akaweka mikono, matope yakatoka.

"Umekanyaga," Mama Nyaya akasema.

"Sijakanyaga."

"Baba watoto, umekanyaga. Chombo hakina sababu ya kunidanganya."

"Na mimi ninayo?"

Akazima, akawasha tena. Matope. Maiki huyo, na maiki yake mdomoni, spika zote zikimsaidia: "Kaka, unapiga au unafua?"

Bendi nzima ikacheka. Vidole akaona aibu, na mwanamume akiona aibu mbele ya watu humtafuta mkewe alipo. "Muulizeni huyu amechomeka wapi," akasema. "Macho yake siku hizi yanaona nusu."

 Mama Nyaya aliliweka neno hilo mahali, na aliyewahi kumwona akisahau neno kama lile ajitokeze.

Halafu ikaja harusi. Mchana, ukumbi umejaa, bibi harusi amesimama mlangoni na gauni limeshikwa nyuma na watoto, na kibodi inatoa matope. Baba wa bibi harusi akageuza shingo polepole kuelekea jukwaani. Maiki akatabasamu huku anasema kwa pembe ya mdomo, "Shemeji, fanya kitu, tunakufa."

Mama Nyaya akaingia chini ya kibodi kwa magoti, nyuma ya kile kitambaa wanachotundika mbele ili miguu isionekane. Akaukuta mguu wa kulia umekaa juu ya pedali, umetulia, kama paka juu ya mto. Akaushika kwa mikono miwili, akaunyanyua, akauweka mapajani kwake.

Huku juu Vidole anaendelea kufoka: "Unafanya nini huko? Mguu hauko kwenye pedali, nimekwambia! Uko sakafuni!"

Mguu wenyewe alikuwa nao yeye. Anaupakata.

Ndipo alipougeuza akaona kichwa cha msumari. Vile vimisumari vinavyoshikilia kapeti ya jukwaa, kimoja kilikuwa kimezama chote kwenye nyama ya kisigino, damu pembeni imeshakauka. Alikishika kwa kucha akakivuta. Kilitoka kwa shida. Alisubiri ukelele. Aliposikia sauti ya mumewe tena ilikuwa inasema, "Bibi harusi anasubiri, we mwanamke!"

Alipitisha mkono juu akazima, akawasha. Kibodi ikaamka vizuri. Vidole akaanza kupiga, na Mama Nyaya hakutoka. Alibaki kule chini, mguu wa mumewe mapajani, akawa anabonyeza pedali kwa kiganja. Wimbo aliujua kuliko anavyoijua njia ya kwenda sokoni. Bibi harusi akaingia, wanawake wakapiga vigelegele, baba wa bibi harusi akafuta macho.

Nyumbani alimwonyesha ule msumari.

"Kitu kidogo hivyo," Vidole akasema. "Nilikuwa nimezama kwenye wimbo."

"Hukuzama. Mguu haupo. Ni ile sukari waliyokwambia hospitali, na dawa zao ukazitupa juu ya kabati. Twende."

"Mguu mbovu unaweza kupiga vile? Hukusikia watu walivyoshangilia?"

Hapo ndipo angesema nani alibonyeza pedali. Hakusema. Wiki hiyohiyo Maiki alikuwa amemvuta pembeni: "Shemeji, mzee akichoka tuambiane tu, tusifichane. Kuna mtu nimemsikia mahali, anapiga vizuri." Na Mama Nyaya alimjua mumewe. Vidole bila kibodi alikuwa kabati lililoachwa katikati ya chumba, kila anayepita anajigonga. Akasema moyoni, ngoja kwanza nimshikie kiti, mguu tutauzungumza taratibu.

Basi akatafuta pedali ya pili. Ile ya zamani akaiacha palepale chini ya mguu wa Vidole, waya wake umefungwa kwenye stendi, hauendi popote. Mpya akaichomeka kwenye tundu lake, waya mrefu ukapita chini ya kapeti mpaka nyuma ya spika kubwa. Huko aliweka kreti la soda, akakaa, pedali chini ya mguu wake mwenyewe. Watu wa bendi walidhani anajificha kelele. Wanaume hawaulizi mwanamke anakaa wapi ilimradi kazi zinakwenda.

Alimsoma mgongoni. Kabla mikono haijahamia kwenye noti nyingine, bega la kushoto la Vidole lilikuwa linapanda kidogo, na hapo yeye anaachia, anakanyaga upya. Mwanzoni alichelewachelewa. Baadaye wakawa wanavuta pumzi pamoja, mmoja mbele ya watu, mwingine nyuma ya spika. Hakuwahi kupiga chombo chochote maishani mwake, na sasa nusu ya ile sauti ilikuwa yake. Kuna nyimbo zilimtoa machozi kule kwenye kreti, na hayakuwa ya huzuni. Asiseme mtu kwamba hakuonja raha hata kidogo.

"Vidole amerudi!" watu walisema. "Ana mguu wa dhahabu!"

Na kila waliposema hivyo, Vidole alirudi nyumbani akiwa mgumu zaidi. Kisigino kilifungua kidonda. Akaweka unga wa mtoto, akavaa soksi, soksi ikaanza kulowa. Chumba kikawa na harufu inayokaa kwenye pazia hata ukifua. Mama Nyaya akibembeleza, jibu ni lilelile: ungekuwa umeoza ungepiga? Hebu niambie, ungepiga?

Alikwenda mwenyewe kwa nesi wa zahanati, akaeleza harufu na rangi.

"Mama, mlete," nesi akasema. "Usiniletee maneno, niletee mtu. Leo tunaongea kidonda. Ukichelewa tutaongea mguu."

Akarudi akamweka mumewe chini. "Pedali nakanyaga mimi," akamwambia. "Yako haijachomekwa popote. Tangu ile harusi."

Vidole alicheka mpaka akakohoa. "Wewe? Noti moja tu nitajie. Moja." Alipomaliza kucheka akamwambia, kwa upole kabisa, jambo baya kuliko yote: "Mke wangu, wivu huo. Kaa na nyaya zako."

Kibodi ilikuwa ya bendi, inalala stoo kwa Maiki, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na cha kumwonyesha. Na hata kingekuwepo, nyumbani angekataa, angesema waya, angesema macho yako. Mama Nyaya alijua mumewe anaamini kitu pale tu watu wengine wanapokiona. Alijua pia itakuwaje baadaye, asije mtu akamtetea kwamba hakujua.

Mazoezini, siku ya kazi, ukumbi mtupu, viti vimepangwa kimoja juu ya kingine. Bendi yote ipo. Vidole akaanza wimbo wa polepole, ule alioutunga mwenyewe mama yake alipofariki. Mama Nyaya akamshikia ubeti wa kwanza, vizuri kuliko siku zote. Ubeti wa pili ulipoingia, akanyanyua mguu.

Sauti ikakauka. Noti zikawa zinadondoka moja moja kama vijiko kwenye sinki. Vidole akakunja uso, akakanyaga. Akakanyaga tena. Goti lilipanda na kushuka, lilipanda na kushuka, kama la mtu anayepanda ngazi gizani, na noti zinazidi kudondoka. Mpiga ngoma akaacha. Mpiga gitaa akaacha. Vidole peke yake akabaki anapiga na kukanyaga, mpaka mikono nayo ikakata tamaa.

Mama Nyaya akatoka nyuma ya spika ameishika pedali mkononi, waya unamfuata.

"Hii hapa," akasema.

Vidole aliutazama ule waya, akaufuata kwa macho chini ya kapeti mpaka kwenye tundu. Akainama akavuta waya wa pedali yake mwenyewe. Ukaja wote, mwepesi.

"Kwa hiyo shemeji," Maiki akasema, na safari hii hakuwa na maiki, "siku zote hizi tulikuwa tunakusikiliza wewe?"

Akacheka. Wengine hawakucheka naye, lakini yeye alicheka.

Vidole akamtazama mkewe. "Umenivua nguo mbele ya watu."

"Nimekuvua soksi tu. Inuka twende hospitali."

Aliinuka. Hakuwa na pa kukatalia tena.

Daktari alifungua kile kidonda, akauliza kimeanza lini. Mama Nyaya akamwambia. Daktari akasema angeletwa wakati ule wa msumari pengine wangesafisha kisigino, yakaisha. Sasa mguu unaondoka, chini ya goti. Alisema hivyo akiwa anamwangalia mwanamke, si mgonjwa.

Maiki alikuja wodini na mfuko wa machungwa na meno yake yote. Akasema kaka pumzika, kiti chako kipo. Kiti kilikuwa kimeshakaliwa siku mbili. Machungwa Mama Nyaya aliwagawia wagonjwa wa vitanda vingine, hakubakisha hata moja. Na Maiki mpaka leo akipita hapo nyumbani hukaribishwa kiti cha nje.

Ndugu waligawanyika. Mawifi walisema amemdhalilisha kaka yao. Upande wake walisema amemchelewesha. Wote walikuwa na ukweli wao, na hakuna aliyejitolea kulala kwenye kile chumba na ile harufu.

Asubuhi kabla hajapelekwa kukatwa, Vidole alikuwa amelala anaangalia dari. Mama Nyaya alikuwa anamkata kucha za mkono, amezizoea.

"Ile siku," Vidole akasema. "Bibi harusi alipoingia. Nilipiga vizuri?"

"Tulipiga vizuri sana."

Akavuta mkono wake, kucha zikiwa nusu.

"Sijakuuliza tulipigaje," akasema, akageukia ukutani.

Hajamuuliza tena. Mama Nyaya akamrudisha nyumbani, akamwosha kidonda kila asubuhi mpaka kikafunga. Maji yakiwa ya moto Vidole anasema ya moto, yakiwa baridi anasema baridi, na maneno ya siku yanakuwa yameisha. Redio ikipiga kibodi anamwomba jirani aizime, si mkewe. Mama Nyaya naye hajaomba msamaha. Huwa anaketi mlangoni na beseni lake, anasubiri aitwe, na ndani anamsikia mumewe akipumua.